Akiba isiyokatwa kodi: kabla ya kufungua akaunti, uliza kodi yenyewe ni shilingi ngapi

Mpwa wangu anafanya kazi Johannesburg. Kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Benki ya huku wananishawishi nifungue akaunti ya akiba isiyokatwa kodi. Nifungue?" Mimi niko Uyole, Tanzania, na duka langu la pembejeo, lakini swali hilo naulizwa hata hapa, kila mteja anaposikia kwamba riba ya hatifungani za Serikali, yaani pesa unayoikopesha Serikali kwa miaka fulani, haina makato. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, akalalamika kwamba ni mrefu kama hotuba ya harusi. Basi naandika.

Fungua, ila usiweke humo pesa yako ya dharura.

Afrika Kusini walianzisha akaunti hizi Machi 2015. Riba, gawio (mgao wa faida ya kampuni kwa wenye hisa) na faida ya kuuza uwekezaji wako, vyote havitozwi kodi. Kuanzia 2020 kikomo cha kuweka kilikuwa randi 36,000 kwa mwaka, na randi 500,000 kwa maisha yako yote. Ukizidisha, kiasi kilichozidi kinatozwa asilimia 40. Halafu kuna sharti ambalo watu wa mauzo hulipita mbio: ukitoa pesa, nafasi yake hairudi. Weka randi 20,000 leo, zitoe mwezi ujao kumlipia mdogo wako ada, na bado zimeshahesabiwa kwenye zile 500,000. Canada, walioanza mwaka 2009, nafasi hurudi mwaka unaofuata. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliye Toronto uache hukohuko Toronto.

Sasa tupige hesabu. Kule, mtu wa chini ya miaka 65 tayari anasamehewa kodi kwenye riba ya hadi randi 23,800 kwa mwaka, hata kwenye akaunti ya kawaida kabisa. Tuseme benki inatoa asilimia 7. Ili riba ifike hapo, unahitaji akiba ya randi 340,000. Mpwa wangu ana kama 40,000. Akiweka sehemu yake kwenye akaunti "bila kodi" inayolipa riba tu, kodi anayookoa ni sifuri, na wakati huohuo anakula nafasi yake ya maisha.

Gawio la hisa ni habari nyingine, maana hilo hukatwa asilimia 20 tangu randi ya kwanza. Hapo ndipo akaunti hii ina maana: mfuko wa hisa, ambako meneja hununua hisa kwa pesa za watu wengi pamoja, na pesa ambayo hutaigusa miaka kumi au zaidi. Ila tazama ada. Mfuko ukitoa gawio la asilimia 3 kwa mwaka, kodi uliyookoa ni asilimia 0.6 ya mtaji wako. Meneja akikutoza ada ya asilimia 1.5, umeikimbia mamlaka ya kodi ya kwao ukaangukia mikononi mwa meneja.

Huku kwetu akaunti ya namna hiyo hatuna, lakini uamuzi ni uleule. Riba ya benki hukatwa kodi ya zuio asilimia 10 kabla hujaiona. Niliweka milioni 5 kwa muda maalumu wa mwaka mmoja, riba asilimia 8. Riba ilikuwa 400,000, ikakatwa 40,000, kwenye akaunti ikaingia 360,000. Ile 40,000 inauma, nakubali. Ukilinganisha na hatifungani ya Serikali ya miaka 25 iliyotolewa 2022 kwa riba ya asilimia 12.56, kila milioni 2 inakupa 125,600 kila baada ya miezi sita, na kodi hakuna.

Lakini hatifungani hiyo inaiva 2047. Mimi Novemba nahitaji mtaji, wakulima wa viazi na mahindi wanataka mbolea, na mwenye lori hasubiri. Kuiuza kabla ya muda inawezekana kupitia soko la hisa, ila bei huipangi wewe. Mnunuzi akiweza kupata hatifungani mpya yenye riba kubwa zaidi, ya kwako ataitaka kwa punguzo. Kwa hiyo pesa ya dukani nimeiacha kwenye muda maalumu, na kodi naihesabu kama gharama ya kuwa nayo msimu ukifika. Hatifungani nimenunua kwa pesa ya shamba nililouza tu, ambayo haina kazi nyingine.

Mwenye kiasi kidogo, na wengi wetu ndiko tuliko, aangalie vipande vya UTT AMIS, taasisi ya umma inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja; kipande ni sehemu yako ndani ya mfuko. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, na faida ya mwenye vipande haikatwi kodi. Anayetaka kutoa haraka aulizie Mfuko wa Ukwasi. Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, sivipondi, ila pale faida yako inategemea jirani atarejesha lini.

Kwa mpwa: pesa ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba na chakula iache kwenye akaunti ya kawaida. Inayobaki, ikiwa kweli inabaki, ingiza kwenye mfuko wa hisa wenye ada ndogo ndani ya hiyo akaunti. Mwaka wao wa kodi unaisha mwishoni mwa Februari, na nafasi ya mwaka usiyoitumia haisogezwi mbele. Lakini usikope ili uijaze.