Mchango kwa Mbwa Waliofungwa Minyororo

SWALI: Mhariri, majirani tumechanga fedha ili kuwasaidia mbwa wanaofungwa minyororo usiku na mchana. Je, tuwanunue kutoka kwa wenyewe?

JIBU: Nawasihi msiwanunue, kwa sababu aliyelipwa anaweza kumfunga mbwa mwingine kesho yake. Badala yake jengeni uzio wa wavu ili mbwa akae humo bila mnyororo, kwa ridhaa ya mwenye mbwa iliyoandikwa, na wanaojitolea wachimbe mashimo ya nguzo na kukaza wavu, ili fedha zibaki kwa vifaa. Sehemu ya chini ya wavu izikwe, maana mbwa huchimba. Kabla ya yote, shingo ikaguliwe. Ukanda aliovishwa mbwa akiwa mdogo, usipolegezwa anapokua, huzama katika nyama, na kuutoa ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa hiyo mtengeeni fungu lake mapema. Mwenyewe awepo wakati wa ukaguzi, kwani mbwa aliyefungwa muda mrefu huweza kuuma kwa hofu tu, wala hilo lisiwafanye mumhesabu kuwa mkali asiyefaa kusaidiwa. Majike wafungwe kizazi ili wasizae mbwa wengine wa kufungwa; mimba huchukua takriban siku 63 tu. Risiti zote zisomwe mbele ya wachangaji.