Kabla ya Kumtaka Dandie Dinmont, Mjue Kwanza

Juzi dada mmoja amenitumia ujumbe. Ameona picha za mbwa wangu, kalipenda lile shungi la nywele laini kichwani na yale macho makubwa, sasa anataka kujua atampata wapi Dandie Dinmont kabla ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe mwezi ujao. "Nimeshampenda," ameandika, "niambie tu nimlipe nani." Nimemjibu kwa upole pembeni, ila ujumbe wa namna hii naupokea mara kwa mara, kwa hiyo leo nawajibu wote mnaomtamani teria huyu, yaani mbwa mdogo wa kuwinda, kama nilivyomtamani mimi.

Dada yangu, mwezi ujao hutampata. Na ukimpata, jiulize kwa nini amepatikana upesi hivyo.

Kennel Club ya Uingereza, chama kinachoandikisha mbwa, ina orodha ya mbwa wa asili walio katika hatari ya kutoweka, yaani wale ambao watoto wao wanaoandikishwa kwa mwaka mzima hawafiki 300. Dandie yumo. Idadi hiyo ni ya nchi nzima, siyo ya mji mmoja. Wafugaji wa kweli ni wachache, wanajuana, na wengi wao watoto wanakuwa wameshaahidiwa watu kabla hata mama hajashika mimba.

Mimi nilimwona mara ya kwanza Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yanayofanyika Birmingham kila Machi. Kuna sehemu pale inaitwa Discover Dogs, wenye mbwa wanakaa na mbwa wao, na wewe mgeni unaruhusiwa kuuliza na kugusa. Nilikuwa nimefuata mbwa mwingine kabisa. Nikapita kibanda kimoja, nikakuta kiumbe mrefu wa kiwiliwili, mfupi wa miguu, ametulia katikati ya zogo lile lote, ananitazama usoni ananipima. Hakurukaruka wala hakunilamba. Nikachuchumaa, nikangoja. Alipokuwa tayari alinyanyuka, akaja akaketi juu ya kiatu changu. Sikuhitaji kuona mbwa mwingine siku ile.

Nikaanza kusoma. Huyu ni mbwa wa mpakani mwa Scotland na England, nchi ya vilima na wafugaji wa kondoo, ambako alifugwa kwa ajili ya kuwafuata fisi maji na wanyama wachimba mashimo hadi ndani ya mashimo yao. Jina lake limetoka kwenye riwaya. Mwaka 1815 mwandishi wa Scotland, Walter Scott, alichapisha riwaya ya Guy Mannering, na humo mkulima Dandie Dinmont ana teria ambao wote wanaitwa Pepper na Mustard, pilipili na haradali, tofauti ni mzee, kijana na mdogo tu. Watu wa eneo lile wakamtambua mara moja James Davidson wa Hindlee, aliyekuwa na mbwa wa aina hiyo na kuwaita majina hayohayo. Mpaka leo rangi zinazokubalika ni hizo mbili: pilipili, kuanzia kijivu hafifu hadi nyeusi yenye bluu, na haradali, kuanzia wekundu wa kahawia hadi njano iliyopauka. Mwaka 1875 wapenzi wake walikutana Selkirk, mji wa Scotland, wakaunda klabu yao, moja ya klabu kongwe kabisa za mbwa wa aina moja duniani. Na palepale Selkirk, katika mabanda ya mbwa ya jumba la The Haining, ndipo alipozaliwa mwaka 1842 Old Ginger, anayehesabiwa kuwa baba wa Dandie wa leo.

Nayaeleza haya kwa sababu nimegundua mtu asiyetaka kuijua historia hii huwa hataki pia kuijua tabia ya mbwa. Anataka picha.

Nilipoanza kutafuta wangu, niliumizwa. Mtu mmoja alinitangazia watoto walio "tayari kuondoka". Nilipoomba kumwona mama yao, mara mama kasafiri, mara anaumwa, mara tukutane njiani anikabidhi mtoto kwenye gari. Nikakataa. Akaniandikia kwamba watu wa aina yangu hawawezi kumwelewa mbwa wa daraja hili. Sentensi ile bado inanichoma, nasema kweli. Leo mbwa wangu akipita mbele ya wajuzi wa Dandie wakasimama na kuuliza ni nani anayemtunza nywele, nainua kichwa nasema ni mimi, kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mfugaji aliyenipa Pilipili wangu alinihoji kama mposaji. Nani anabaki nyumbani mchana? Ngazi ziko ngapi? Nikifa au nikihama, mbwa anaenda wapi? Nilijibu yote, nikarudi tena kwake, nikarudi tena, nikikaa sakafuni na mbwa wake wakubwa bila kuahidiwa chochote. Kipindi cha kusubiri sikisimulii, kilikuwa kirefu na hakikuwa na jambo. Ila kama mfugaji hakuulizi maswali, ondoka.

Na sakafuni pale ndipo unapojifunza. Mtoto wa Dandie hafanani na mkubwa. Wa rangi ya pilipili huzaliwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia, wa haradali huzaliwa kahawia iliyoiva, na shungi lile linalokuvutia bado halijaota. Ukimchagua mtoto kwa sura, unachagua kitu kitakachobadilika chote. Mchague kwa kumjua mama yake, kwa kumsikia anavyobweka (sauti ni nzito, ukiwa nje ya mlango utadhani ni jibwa kubwa) na kwa kuona anavyompokea mgeni. Dandie ni mtulivu kuliko teria wengi, lakini ni teria. Ana msimamo. Hatafuti ugomvi, ila ukimfuata haachii. Sungura wa kufugwa na panya wa watoto usimkabidhi hata siku moja.

Mwili wake pia unataka akili. Kimo ni sentimita 20 hadi 28 begani, uzito kilo 8 hadi 11, na mgongo mrefu uliopinda kidogo juu ya kiuno. Mgongo huo ndio uzuri wake na ndio hatari yake, maana diski za uti wa mgongo zinaweza kuteguka. Kwangu haruki kutoka kwenye kochi. Namnyanyua mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, na tukitembea anavaa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Simwachi anenepe. Wageni wananiona mkali ninapowazuia kumrushia vipande vya chakula. Waone hivyohivyo.

Nywele ni mchanganyiko, takribani theluthi mbili ngumu na theluthi moja laini. Zilizokufa hunyonyolewa kwa vidole, taratibu, kidogokidogo. Ukimpitishia mashine rangi inapauka na ule ugumu unaisha. Nilifundishwa na mfugaji wangu, nami nakusihi utafute wa kukufundisha kwa mikono, kwa sababu video haikuonyeshi ni kiasi gani cha nguvu kinatosha.

Jamani, tuache kununua viumbe kama zawadi za sherehe. Mbwa huyu anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Mtoto unayemnunulia leo atakuwa kijana mwenye mambo yake, na Dandie bado atakuwa mlangoni akingoja mtu mmoja aliyemchagua. Kama mtu huyo si wewe, usianze.

Kwako dada yangu, na kwa wengine walio tayari kungoja: nendeni mkutane na mbwa wakubwa kwanza, kisha muulizeni mfugaji kuhusu macho. Aina hii inasumbuliwa na glakoma, presha ya macho, na wazazi wanapaswa kupimwa na daktari wa macho ya wanyama kabla ya kuzalishwa. Ombeni kuona karatasi za baba na mama, si kuambiwa tu. Kwa kuwa damu iliyobaki ni ya familia chache, mfugaji anaweza pia kukuomba mbwa wako azalishwe baadaye. Lizungumzeni hilo kabla ya kupokea mtoto na liandikeni: nani atachagua mwenzi, nani atalipia vipimo, watoto watakuwa wa nani. Mimi nilikubali, na Pilipili anapimwa macho mwaka huu.