Maswali ya tuba: acheni kuchagua solo kwa sifa

Meseji zimejaa za vijana wapiga tuba, lile bomba kubwa la besi la bendi, wanaojiandaa na usaili wa chuo cha muziki, na nusu yake ni swali lile lile: nipige solo gani? Haya.

Kaka, nimeona YouTube konseto ya tuba ya Vaughan Williams, nimebakiza mwezi mmoja, nipige hiyo? (Masasi)

Mdogo wangu, hapana. Ile konseto ya 1954, tuba ikipiga mbele ya okestra nzima, wengi wanaipiga kwa tuba ya F, ambayo ni fupi na ya juu zaidi, na wewe hiyo ya bendi ya parokia ni ya B flati, bomba lake likinyooshwa linafika kama mita tano na nusu, sasa zile noti za juu utazifukuzia mpaka midomo ivimbe. Kama roho haitulii kabisa chukua sehemu ya katikati, Romanza, nayo ina juu yake lakini inaenda polepole. Ila usidanganyike na huo upole, hapo hakuna spidi ya kujifichia, pumzi ikikata katikati ya melodi kila mtu anasikia. Mimi ningekupa sonata mojawapo ya Marcello, mtunzi wa Italia, ziliandikwa kwa selo karne ya 18 na zimepangwa upya kwa tuba, kuna sehemu za polepole na za haraka, msaili anasikia toni na vidole kwa mpigo mmoja. Yeye anatafuta mtu anayefundishika, siyo shujaa wa YouTube.

Naweza kupiga zile tunazopiga na matarumbeta kwenye harusi? (Lindi)

Hapana. Kwenye harusi wewe ni pu-pa pu-pa mpaka bibi harusi afike ukumbini, melodi wanayo wenzio. Solo melodi unaibeba mwenyewe. Na punguzeni kupuliza kama mnaita meli, usaili unafanyika chumbani.

Nasoma solfa tu, nitafaulu? (Newala)

Hapa ndipo pananiudhi, na siyo kosa lako. Parokia inachangishana msimu wa korosho, vyombo vinakuja vinang'aa, picha zinapigwa, halafu mwalimu hakuna, watoto wanashika besi kwa sikio miaka na miaka, siku ya usaili kijana anawekewa karatasi ya noti asiyowahi kuiona anabaki anaitazama. Solfa siyo mbaya, imelea kwaya zetu na sikio unalo tayari. Sasa chukua wimbo unaoujua kwa solfa, uandike mwenyewe kwenye ufunguo wa besi, do yako iwe B flati, mstari wa pili kutoka chini, kwenye tuba yako haibonyezwi vali hata moja. Fanya hivyo kila siku. Ukishazoea tafuta mazoezi ya Bordogni, alikuwa mwimbaji wa Italia, aliyaandika kwa ajili ya sauti na leo wapiga tuba wanayatumia kila mahali, kwa mtu wa kwaya kama wewe yatakaa vizuri. Solo uichague baada ya hapo, siyo kabla.

Huku hakuna mpiga piano. (Nachingwea)

Piga Suite for Unaccompanied Tuba ya Walter Hartley, ya 1962, ni tuba peke yake, sehemu nne fupi. Ila uliza chuo kwanza kama wanakubali solo isiyo na piano. Sonata ya Hindemith ya 1955 iache, piano yake ngumu, ukikutana na mpigaji asubuhi ya usaili mtagombana.

Vali zinakwama, mafuta ya kupikia yanafaa? (Mikindani)

Nimeshajibu hili mara ngapi? Yanaganda, kaangieni samaki.

Nibebe tuba kwenye basi mpaka Bagamoyo? (Mtwara mjini)

Piga simu chuoni uulize kama wana tuba na ni ya toni gani, maana ukizoea B flati ukapewa ya E flati vidole vyote vinahama na solo yako imekwisha. Kama hawana, beba yako, lakini isiingie kwenye buti na magunia, ongea na konda mapema, ikibidi lipia siti ya pili. Mausipisi yako, kile kipande cha kupulizia, kaa nayo mwenyewe.