Uliza Mwenyeji: Mji Mkongwe kwa siku mbili

SWALI: Nakuja Unguja siku mbili tu na kila mtu ananielekeza bustani ya Forodhani. Nyinyi wenyeji mnakaa wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Forodhani nenda, sikukatazi. Upepo wa jioni pale ni mzuri, na ukipanda mbele kidogo utaiona Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mimi kila nikipita hapo hupunguza mwendo.

Lakini miguu yangu, ikishapita alasiri, hunipeleka yenyewe Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana. Wazee wameshajaa barazani, dhumna inapigwa mezani kama radi. Kahawa ni chungu kwelikweli, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Utamu utautafuta kwenye kashata. Toa salamu kwanza, ndipo ukae. Na usimfundishe mtu kucheza! Mwaka mmoja nilimnong'oneza mzee mmoja ateremshe mbili-tano, akashindwa. Wiki nzima hakuitikia salamu yangu.

Mvua ikikukuta usikimbie: panda juu ya baraza za nyumba, utapita bila kukanyaga maji.

Asubuhi nenda Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Nenda peke yako. Hamamni, bafu za zamani za Kiajemi, utatumia nusu saa.

Ramani ya simu iache mfukoni. Ukipotea, muulize mtoto yeyote.