Jibu: Kununua majengo na vifaa vya hospitali jirani Moshi, FCC inahusika?

Mkuu, umeuliza kama hospitali yenu binafsi hapo Moshi inaweza kuchukua ya jirani bila kupita Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa mnanunua majengo na vifaa tu, hisa hamgusi. Sababu hiyo haitoshi kuikwepa Tume. Sheria ya Ushindani ya 2003 inaangalia usukani umebaki kwa nani. Mali zikija na biashara ikaja nazo, huo ni muunganiko.

Wengi wanaponzwa na hesabu. Tangu 2017 kiwango cha kulazimika kutoa taarifa kwa Tume ni shilingi bilioni 3.5, kwa mauzo ya mwaka au thamani ya mali, na mnajumlishwa pande zote mbili. Watu wanahesabu anayenunuliwa peke yake, wanaona ni mdogo, wanasaini. Jumlisheni viwanja vya mjini, maghorofa, CT-scan na jenereta za wote wawili ndipo mseme.

Jalada likikamilika, Tume ina siku 14 kuamua kama itachunguza. Ikichunguza ni siku 90, na inaweza kuongeza 30. Hesabu zilizokaguliwa zikikosekana, siku hazianzi kuhesabiwa. Kipindi chote hicho kibao kisibadilishwe, manesi wasihamishwe, na msioneshane bei mlizopatana na kampuni za bima. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Mauzo, siyo faida.

Kazi kubwa ni kueleza soko mnaloshindania, na hapa wanasheria wengi wanaandika "huduma za afya Kilimanjaro" halafu basi. Hiyo haitoshi. Mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa anaweza kwenda KCMC, Arusha, hata Muhimbili, kwa hiyo soko lake ni pana. Wa kusafishwa damu anakaa kwenye mashine kama saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Mtu wa Rombo huwezi kumwambia Arusha ni mbadala wake, wakati kutoka Moshi tu ni kilomita 80. Kama mashine hizo mnazo nyinyi na huyo jirani, kwa mgonjwa huyu mnaondoa mshindani, hata kama kwenye wodi ya wazazi nyinyi ni wadogo. Pangeni data kwa huduma na kwa wilaya anakotoka mgonjwa.

Msijitetee kwamba bei inapangwa na kitita (orodha ya huduma na bei) cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kitita hakimlindi anayelipa taslimu, wala hakipunguzi foleni.

Tume inaweza kuruhusu kwa masharti. Masharti ya mwenendo, mfano kutopandisha bei, yanataka msimamizi mwaka hadi mwaka. Tennessee na Virginia kule Marekani ziliruhusu mifumo miwili ya hospitali iliyokuwa ikishindana kuungana ikawa Ballad Health mwaka 2018, serikali za majimbo zikachukua jukumu la kuisimamia pale ushindani ulipoondoka. Ni mzigo, kwa hiyo pendekezeni sharti linalopimika.

Mnunuzi akiwa na hospitali Kenya pia, ulizeni Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ipo hapo Arusha.

Kibali cha FCC hakigusi usajili wa kituo Wizara ya Afya wala mkataba wa NHIF. Anzeni hayo mapema, na mkataba wa mauzo utaje tarehe ya makabidhiano: madai ya bima ya huduma zilizotolewa kabla yake ni ya mmiliki wa zamani, pamoja na makato yake.