Maji ya kisima ni safi kwa macho, mbona watoto wanahara?

SWALI: Habari dada. Nakaa Manyatta hapa Kisumu, ploti ya nyumba nane na kisima kiko hapo hapo, mtungi ni bob 5 na wa kioski ni bob 10, so mimi hutumia ya kisima kwa kila kitu juu biashara ya omena iko chini. Maji yenyewe ni safi kabisa, hata kwa glasi hauoni uchafu. Lakini mvua ikianza tu, watoto wangu wawili wanahara. Mwezi jana dawa zilikula 1,400 na siku tatu sikuenda soko. Mamangu anasema ni meno. Ni kweli? – Mama Wawili

JIBU: Pole sana dadangu. Meno hayaharishi mtoto, hayo ni maji, na nyuma ya maji kuna choo. Huko Manyatta na hata Nyalenda maji ya chini hayako mbali, mvua ikinyesha yanapanda yanakutana na shimo la choo, halafu wewe unashusha ndoo. Hebu pima hatua kutoka choo mpaka kisima, inatakiwa angalau mita 30, na ploti ya nyumba nane utatoa wapi mita 30?

Kwa mtungi unaokoa bob 5, si ndio? Ile 1,400 ni mitungi 280, na bado hatujagusa siku tatu za omena. Benki ya Dunia ilisema 2012 kwamba Kenya inapoteza karibu shilingi bilioni 27 kila mwaka juu ya vyoo vibaya, na hizo pesa ndizo hizi zako na za jirani zako.

Nunua mtungi mmoja tu wa kioski, wa kunywa na kupika, ya kisima ibaki ya kufua na kupiga deki. Hata hayo ya kioski chemsha ama utie dawa ya klorini ungoje nusu saa, na ufunike.

Wakihara tena wape ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, na uulize kliniki zinki ya siku 10 hadi 14. ORS ikikosa, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Ukiona macho yamezama, hanywi ama kuna damu, kimbia hospitali usiku huo huo.

Na landilodi, tafadhali usiende peke yako, endeni nyumba zote nane siku ya rent. Akikataa kurekebisha choo, iteni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu aje akague, anaweza kumpa notisi, hiyo ni kazi yake.