Sindano ya Kariakoo imegoma kuingia, nibadilishe katriji nzima?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Magomeni. Marehemu mzee ametuachia gramafoni na santuri kama sitini hivi, nyingi ni zile ndogo za 45 za muziki wa dansi halafu kuna chache za bibi za taarab, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Shida ni kwamba spika ya kushoto inakuja inakata, na mwimbaji akifika kwenye herufi "s" unasikia kama mtu anakaanga vitumbua. Nimeenda Kariakoo jamaa kaniuzia sindano akasema hii inaingia zote, nimefika home haiingii hata kwa kusukuma. Kwenye katriji, yaani kile kidude kinachoshika sindano, pameandikwa Shure M44-7. Ninunue sindano nyingine au nitupe katriji lote?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Cha kwanza acha kusukuma kabisa! Hakuna sindano inayoingia zote, kila katriji ina sindano yake, ukilazimisha utavunja kale kabomba kembamba kanakoshika almasi au utaharibu mwili wa katriji wenyewe ambao huenda ni mzima.

Na hapo una matatizo mawili ambayo watu huwa wanayachanganya. Hiyo "s" ya vitumbua mara nyingi ndio sindano imeisha, hasa kama inazidi ukikaribia lebo katikati ya santuri. Almasi inaenda masaa 500 mpaka 1000 hivi kama mkono umewekewa uzito sahihi wa kukandamiza santuri, na yako sijui kama imewahi kubadilishwa tangu enzi za mzee. Ila upande wa kushoto kukata hiyo sio lazima iwe sindano wala katriji, inaweza ikawa kutu tu, maana hewa ya chumvi ya Dar na vitu vya shaba unajua wenyewe havipatani. Zima ampu, fungua kichwa cha mkono utaona waya nne: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Chomoa vile vijeki taratibu kwa kibano (usivute waya, ni laini kama uzi), safisha, rudisha, sikiliza. Bado? Basi badilishanisha, nyeupe iende palipokuwa nyekundu na bluu palipokuwa kijani. Kukatika kukihamia kulia katriji ndio mgonjwa, kukibaki kushoto basi katriji haina kosa, tafuta kwenye waya za mkono, jeki za nyuma au ampu. Ni dakika kumi tu na hujatoa hata mia.

Kama katriji ni nzima usiitupe. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018 kwa hiyo sindano zao mpya hazitoki tena, lakini kampuni ya JICO ya Japani wanatengeneza za kuingia kwenye M44-7, agiza hiyo au muombe mtu anayesafiri akubebee. M44-7 madijei waliipenda sana kwa sababu inang'ang'ania mfereji wa santuri na inatoa sauti kubwa, na sindano yake ni ya ncha ya duara, mi naona kwa santuri za 45 zilizopigwa kwenye sherehe miaka na miaka hiyo ndio inafaa, zile za ncha ya yai zinachimbua kila mkwaruzo.

Katriji ikiwa imekufa, chukua Audio-Technica ya familia ya VM95. Sababu yangu ni moja, ni bibi yako. Hizo za taarab zinazovunjika ni za 78 (zinazunguka mara 78 kwa dakika), aina ile ile ya santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na mfereji wake ni mpana, unataka sindano nene karibu mara nne ya ile ya LP, zile santuri kubwa za kawaida. Ukitumia ya kawaida inazama mpaka chini kwenye takataka, unasikia mvua tupu na sindano inakwisha. Kwenye VM95 mwili wa katriji ni ule ule, unachomoa sindano ya kawaida unachomeka ya 78, ila kumbuka kubadilisha uzito, ile ya kawaida ya VM95E inataka gramu 2 na ya 78 inataka kama 5. Na hakikisha gramafoni yenyewe ina spidi ya 78, nyingi za kisasa hazina.

Uzito upime kwa kile kimizani kidogo cha digitali kama cha masonara, usiamini namba za kwenye mkono wa zamani. Matundu ya skrubu usihofu, ni nusu inchi karibu kwa katriji zote za kufunga na skrubu mbili.

SWALI: Mkuu mi nipo Tabata, nimeshauriwa ninunue katriji ya MC (moving coil) eti ndio sauti ya kweli. Ampu yangu ni ya kawaida ina tundu la fono.

JIBU: Usinunue. MC nyingi zinatoa kama milivolti 0.3 wakati tundu lako linategemea 4 au 5, utafungua volyumu mpaka mwisho usikie shhh tu. Halafu sindano ikiisha huwezi kuchomoa mwenyewe, ni kurudisha kiwandani au kununua nyingine.

SWALI: Santuri inaruka, nimeweka sarafu ya shilingi mia juu ya kichwa imeacha kuruka. Kuna madhara?

JIBU: Sindano yako inataka gramu 2 hivi na wewe umeipakia sarafu nzima juu. Itoe leo hii, futa vumbi kwenye sindano kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, osha na santuri, halafu weka uzito upya. Hiyo mia kanunulie pipi.